Anjela Alivyojicheza Uani Kwetu

Kuna watu hapa Ushongo wamezoea kusema kwamba Anjela wa Pongwe ana wazimu. Wanasema hivyo wakiwa wameketi, wameshiba, miguu wameinyoosha. Juzi nimemsikia mmoja dukani akimsimulia mgeni: ati alikuja msichana wa kambini, akaingia uani kwa mzee Bakar siku ya arusi, akajitia pepo, akamtukana mzee wa watu hadharani. Nikamuuliza, wewe ulikuwepo? Akasema alisikia. Nikamwambia basi nyamaza, maana arusi ile ilikuwa yangu, mzee Bakar ni baba yangu, na huyo unayemwita mwenye wazimu ni mtoto wa shangazi yangu. Akanyamaza. Lakini nilijua nikitoka tu ataendelea, kwa hiyo nimeona bora niseme mwenyewe, na atakayenuna anune.

Shangazi yangu Mize aliletwa Ushongo kutoka Pemba akiwa mtoto wa mgongoni. Alikulia hapa, akahitimu chuo cha Kurani hapa, akaposwa hapa mara mbili na mara mbili akakataa. Kisha akampenda Laurenti, Mngoni wa Songea, mkata mkonge, Mkatoliki, aliyekuwa akija huku Jumapili kununua nazi. Mwanamke wa Kiislamu haolewi na Mkristo. Hilo kila mtoto wa chuoni analijua, na Mize alilijua kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiwasomesha wenzake. Akaenda hivyo hivyo. Wakahamia kambi ya mkonge nyuma ya Pongwe, na mwaka wa thelathini na sita wakapata binti. Laurenti akampeleka kwa padri akabatizwa Anjela. Mize akamnong'oneza sikioni jina la Wanu, jina la bibi yetu. Mwenyewe hakubatizwa, hakuacha kusali hata siku moja, na Laurenti hakumlazimisha. Baba yangu ndiye kaka yake mkubwa. Aliposikia, alisimama mlangoni mbele ya watu akaapa: "Mguu wa Mize hautakanyaga kizingiti hiki madhali mimi nimo hai." Watu wakasema mwanamume huyo, ana msimamo. Nimelisikia neno hilo tangu nizaliwe na nimelichoka.

Bibi yetu hakuapa kitu. Alimtaka mjukuu wake, na kiapo kilimhusu Mize, si mtoto. Basi kila mwaka Anjela aliletwa kukaa mwezi mmoja, analala na bibi katika kibanda cha uani. Nyumba kubwa hakuingia. Huku aliitwa Wanu. Tulikuwa karibu sawa kwa umri, tukicheza pamoja mchana kutwa, na ikifika saa ya kula tukatengana. Sisi tulikula sinia moja. Yeye alikuwa na sahani yake ya bati, imetobolewa ukingoni, imetundikwa kwenye msumari nje ya jiko, kwa sababu kambini, walisema, watu wanakula nguruwe. Kazi ya kumpa sahani ile nilipewa mimi. Nilikuwa na miaka sita, saba, minane. Naiangua, namwambia, "Shika, hii ndiyo yako." Hakuna aliyenilazimisha kutia ile sauti niliyokuwa nikiitia. Nilijiona mtu mwenye cheo.

Wala msidhani huko kambini ndiko alikopendwa. Pasaka moja wanawake wa mstari wao walimkalisha chini, wakamwekea bakuli la nyama ya nguruwe pori, wakamwambia kula tukuone kama wewe ni wetu. Akala. Kisha akatapika, maana hakuwa ameizoea. Mize hakuipika nyumbani kwake. Wakasema, mnaona, Mswahili huyo. Ushongo alikuwa Mnasara, Pongwe alikuwa Mswahili, na njiani baina ya Ushongo na Pongwe, juu ya lori, ndipo alipokuwa na raha. Hayo aliniambia mwenyewe, tukiwa watu wazima, na hakuwa akicheka.

Bibi alifariki mwaka wa arobaini na nane, na tangu siku hiyo Anjela hakuletwa tena. Mwaka wa hamsini na mbili akafa Laurenti. Hapa nataka mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipoanzia. Huko kambini wako watu wa kila kabila, na makabila yana utani wao. Wangoni na Wanyamwezi ni watani. Akifa Mngoni, Mnyamwezi ndiye anayekuja kufanya fujo matangani: anazuia jeneza, anadai kuku, na akitaka anavaa nguo za marehemu akamwigiza, watu wacheke kwenye msiba wao. Mtani haulizwi wala hakasirikiwi. Tadeo, Mnyamwezi aliyekata mkonge na Laurenti miaka kumi na tano, alivaa koti la marehemu, akachechemea kama yeye, akashika panga, akakata majani hewani huku akimtukana nyapara kwa sauti ya Laurenti mwenyewe. Mize alicheka mpaka akakaa chini. Anjela anasema kwa muda ule baba yake alikuwa pale, mzima, na hakuna aliyeuliza ni wa wapi.

Mazishi yalipokwisha akamfuata Tadeo. Alikuwa na miaka kumi na sita.

"Shikamoo, mzee Tadeo. Na mimi nikifa, utanicheza?"

Tadeo alikuwa mtu wa mzaha, akajibu kimzaha. "Marahaba, binti yangu. Nikucheze nini sasa? Mngoni usiyejua hata kuamkia Kingoni. Nikiigiza Uswahili wako, Waswahili si watani zangu, watanipiga. Wewe tafuta mtu wako."

Watu waliokuwa karibu wakacheka, na Tadeo mwenyewe alishasahau kabla hajafika nyumbani kwake. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Anjela akakaa na lile jibu wiki kadhaa, akafikia neno lake: kama hana wa kumcheza akifa, atajicheza mwenyewe angali hai.

Kambini Jumapili alasiri kila kabila hupiga ngoma yake uwanjani, huyu hapa, yule pale. Yeye akasimama katikati, pasipo na mtu, akaanza. Hana ngoma wala mwenzake. Alijiigiza akizaliwa na padri anamvuta mkono huu na mama anamvuta mkono huu. Alimwigiza karani wa shamba, yule anayeandika vipande vya kazi, anamuuliza kabila, yeye anataja, karani anasema hilo haliwezekani, taja jingine. Mara ya kwanza walimtazama watoto tu. Baada ya mwaka mmoja ngoma nyingine zilikuwa zikisimama kumngoja amalize. Akaitwa Pongwe sokoni, akaitwa Tanga mjini kwenye ukumbi, mtu mmoja tu mbele ya watu mia, hana kitu ila kanga moja na mdomo wake. Sifa zikafika hadi huku. Wachuuzi wa samaki walikuja wakisimulia: kuna msichana Pongwe anaigiza watu mpaka unashika mbavu.

Sasa nitaje la kwangu, na aibu yangu niiseme nikiwa na akili timamu. Mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa mfungo mosi, niliolewa na Hamad. Nilitaka arusi yangu isemwe. Nikampelekea Anjela salamu kwa mchuuzi: njoo utuchezee uani. Miaka minane sikuwahi kumtumia hata kikombe cha mchele, sikuuliza mama yake yu hali gani, leo namkumbuka kwa sababu anachekesha. Sikumwita kama ndugu. Nilimwita kama watu wanavyokodi tarumbeta.

Akaja siku yenyewe asubuhi. Nilikuwa nimefungiwa chumbani, hina haijakauka miguuni wala mikononi. Akaingizwa kwa mlango wa uani, wanawake wakamleta mpaka dirishani kwangu. Alikuwa mrefu, amekonda, macho yale yale ya bibi.

"Shangazi hajambo?" nikamuuliza.

"Mama anakufa," akasema. "Kifua. Amebaki mifupa. Kila siku ananiambia jambo moja, anataka kufia kwao, azikwe alipozikwa mama yake. Nimemwandikia mjomba barua mbili. Hakujibu."

Nilikuwa nimeziona barua hizo. Baba alizitia chini ya mkeka wa kusalia, na nilipofagia nilizirudisha pale pale. Sikumwambia Anjela. Nikamwambia tu, "Pole, dada. Leo lakini tuchekeshe kidogo, ya mjomba tutayasema baadaye."

Akanitazama. "Nitacheza, Mwatumu. Lakini nataka kofia ya mjomba."

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Siku ya arusi, wanawake wa Ushongo wakiwa uani peke yao, mwanamke anaweza kuvaa kanzu na kofia akaingia uwanjani akaigiza mwanamume amtakaye, mume wake, kadhi, hata baba mkwe. Maadam kofia iko kichwani hakatizwi, hatolewi, wala hapelekwi kwa mtu kwa alilolisema. Hata bwana arusi akifika na watu wake, hungoja nje mpaka mwenye kofia aivue kwa mkono wake. Hii kofia tumeikuta kwa bibi zetu. Kwa kawaida inachukua robo saa, watu wanacheka, inavuliwa, inaliwa biriani. Hakuna aliyewahi kuitumia kwa jambo zito, kwa hiyo hakuna aliyeiogopa. Kofia ya baba ya zamani ilikuwa juu ya kabati. Nikamwonyesha kwa kidole kilichopakwa hina, akaichukua.

Baada ya adhuhuri wanawake walijaa. Wanaume walikuwa barazani nje ya ua wa makuti, baba yangu amekaa katikati yao akipokea wageni. Kila kilichosemwa uani kilisikika kwao. Anjela akavaa kanzu, akatia kofia, ngoma zikanyamaza. Nilimwona vizuri kutoka dirishani.

Alianza na safari zake. Alichora mstari mchangani kwa kidole cha mguu, katikati ya ua. Upande huu Pongwe, upande huu Ushongo. Akivuka kuja Ushongo, anafunika kichwa, anatoa medali ya kanisani shingoni, anaitia mdomoni chini ya ulimi, kisha anaamkia wazee na medali mdomoni: "Fikamoo." Watu walikufa kwa kicheko. Akivuka kurudi Pongwe anaitema, anafunua kichwa, anapiga ishara ya msalaba upande usio wake, katekista anampiga kwenzi. Akavuka tena. Akavuka tena. Kila safari akienda mbio zaidi, anachanganya, anasali pale anapopaswa kupiga msalaba, anapiga msalaba pale anapopaswa kusali, mpaka akabaki na mguu huku na mguu huku, hajui medali iko wapi, anajipapasa. Mke wa mwalimu alikuwa akijifuta machozi ya kucheka. Mimi nilijivuna dirishani, nikijisemea arusi yangu imefana.

Kisha akakaa upande wa Ushongo, akaomba chakula. Mwanamke mmoja kwa kucheka akamletea sahani ya biriani. Akaisukuma. Akanyoosha mkono kuelekea jikoni, kwenye ukuta wa nje. Msumari ulikuwepo. Miaka minane hakuna aliyeung'oa. Wakubwa walioujua wakaacha kucheka kwanza, wadogo wakafuata. Akainuka, akaangua kitu kisichokuwapo, akageuka akawa mtoto wa kike mdogo mwenye kiuno mbele, kidevu juu, akasema:

"Shika. Hii ndiyo yako."

Sauti ilikuwa yangu. Wanawake uani kote waligeuka kutazama dirisha langu. Nilikuwa bibi arusi, nimepakwa hina hadi kwenye vifundo, siwezi hata kujifunika uso. Nilimchukia wakati ule, nasema kweli. Nilitaka baba aje amtoe. Nilisahau kwamba sauti ile hakuibuni yeye.

Hakunitazama. Akasogea mlangoni mwa nyumba kubwa, akasimama, akakohoa mara mbili, kikohozi cha baba yangu. Akaweka mkono kwenye mwimo. "Mguu wa Mize hautakanyaga kizingiti hiki madhali mimi nimo hai." Barazani maneno yakakatika. Nikasikia vikombe vinawekwa chini. Kisha akarudi mchangani, akalala chali juu ya ule mstari, kichwa Ushongo, miguu Pongwe, akawa mama yake. Hakuigiza kukohoa. Aliuliza tu maswali, kwa sauti ndogo ya mtu asiye na pumzi. Mnazi wa mlangoni bado upo? Kaka Bakar bado anapenda ukoko? Nani anamfagilia mama kaburi? Wanu, umemwandikia? Amesemaje? Akanyamaza, akauliza tena: amesemaje?

Kisha akaketi. Wanawake wengi walikuwa wakilia. Mkubwa wao akasema kwa upole, "Haya mwanangu, mchezo wako ni mzuri, umetuingia. Vua kofia sasa."

"Sijamaliza," akasema Anjela. "Nimeuliza swali. Nangoja mjomba anijibu."

Mwanzo hatukuelewa. Tukadhani ni sehemu ya mchezo. Alikaa amekunja miguu, mikono magotini, kofia kichwani. Ikapita nusu saa. Nje tukasikia vigelegele vya mbali, watu wa Hamad wanakuja. Wakafika wakasimama nje, wakaambiwa kuna mwenye kofia. Wakangoja. Wakaanza kunung'unika. Mama yangu alimwendea, akamsihi kwa jina la bibi. Hakutikisika. Hapana mwanamke hata mmoja aliyethubutu kuigusa ile kofia, na mimi niliyekuwa namchukia nilianza kuona alichokifanya. Barua mbili hazikujibiwa. Sasa mlango aliofungiwa yeye na mama yake miaka yote ameufunga mwenyewe, kwa kofia ya aliyeufunga, na nusu ya Ushongo iko nje inashuhudia.

Baba alikuja hadi kwenye makuti. Alisemea nje, hatukumwona. Hakumwambia pole. Hakumuuliza hali ya dada yake. Alisema hivi, na ninayakumbuka neno kwa neno:

"Mize aje. Kiapo nitakifungia saumu mimi siku tatu. Lakini aje peke yake. Wewe uliyebatizwa, leo ukitoka ua huu usiuvuke tena, wakati yeye yumo wala baada yake. Ukikubali vua hiyo kofia, watu wafanye arusi."

Nilimwona Anjela akitazama ule mstari wake mchangani. Kisha akavua kofia, akaikung'uta vumbi, akaiweka juu ya kinu, akatoka. Hakula. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa kutoka kwake au kwa kuingia kwa Hamad, mpaka leo sijui, na nikiwauliza wananiambia niache ya kale. Jioni ile watu walimsifu baba kwa busara yake. Walisema ametoa kwa mkono mmoja, amezuia kwa mwingine, huyo ndiye mzee. Mimi niliolewa nikiwa na hasira, wala sikujua namkasirikia nani.

Siku ya kumi Anjela akamleta mama yake. Walikuja kwa lori hadi Pangani, wakavuka kwa pantoni, ng'ambo akakodi punda. Mize hakujua kitu. Anjela alikuwa amemwambia, mjomba amesema sote tuje. Alimbeba mgongoni kutoka njiani mpaka nje ya ua, akamshusha, akanikabidhi mimi na mama yangu. Akamwambia, "Mama, tangulia ndani. Mimi naenda kisimani kukuletea maji ya kuoga." Akachukua ndoo yetu, akaenda nayo. Ndoo tuliikuta kisimani, imefunikwa.

Shangazi aliingia nyumba aliyokulia. Baba alimpokea vizuri, sitamsingizia. Alimpa chumba cha bibi, akamnunulia maziwa, jioni alikaa naye akimsimulia Pemba ya babu yao. Na kila siku Mize aliniuliza, "Wanu hajarudi kisimani?" Siku ya kwanza nilisema kuna foleni. Siku ya pili nilisema amepitia kwa rafiki. Siku ya tatu nilisema ameitwa Tanga kucheza. Nilisema uongo siku nane mfululizo mbele ya mgonjwa, kwa amri ya baba, nikitoka nyumbani kwa mume wangu asubuhi kwa kazi hiyo tu. Aliuamini au hakuuamini, sijui. Siku ya tisa alinishika mkono. Hakuwa na nguvu za kunishika, lakini alinishika.

"Mwatumu, mimi nimewahi kudanganywa na watu wazima. Wewe hujui kudanganya. Mwanangu amezuiwa?"

Nikasema ndiyo.

"Na kaka yangu anajua?"

"Yeye ndiye aliyezuia, shangazi."

Hakulia. Alikasirika, nami sijapata kuona hasira katika mwili uliokwisha vile. "Nitoe nje," akasema. "Nje ya ua. Sifii humu."

Nikamwita Hamad. Tulimnyanyua na mkeka wake, tukamtoa kupitia mlango mkubwa, mbele ya macho ya baba, tukamlaza nje, chini ya kivuli cha makuti. Saa nne asubuhi, njia imejaa watu wanaotoka pwani. Baba alitoka mpaka kizingitini. Akasema, "Mize, mdogo wangu, unanitia aibu. Rudi ndani." Mize akamjibu bila kugeuza kichwa. "Akiingia mwanangu nitarudi." Baba akasimama pale. Hamad alipanda baiskeli kwenda kumtafuta Anjela, maana tulisikia hakurudi Pongwe. Alikuwa Pangani kwa mwanamke wa Kibondei aitwaye Ruthi, akitwanga mchele wa watu, akingoja habari.

Alifika alasiri, miguu imejaa vumbi. Akapiga magoti nje ya ua, hakuugusa.

"Nani alikutuma unilipie?" mama yake akamuuliza.

"Ulitaka kurudi kwenu, mama."

"Nilitaka kurudi na wewe. Sikukuambia nirudi badala yako." Akapumua. "Lala hapa." Na Anjela akalala kando yake mchangani, mtu mzima wa miaka ishirini, mbele ya watu wote, na mama yake akamwekea mkono kichwani. Nikamwendea baba. Alikuwa bado kizingitini, mkono kwenye mwimo. Nikamwambia, "Baba, mwambie neno moja tu. Mwambie mtoto aingie." Mkono wake haukutoka mwimoni. Nikamwambia, "Basi toka wewe, ukae naye." Alitazama watu waliokuwa njiani. Hakutoka. Akabaki amesimama pale, na jua likashuka, na shangazi yangu akakata roho kabla ya magharibi.

Hapo ndipo baba alipotoka. Alikimbia. Alimwangukia, akamwita mama, akamwita dada, akalia watu wakamshika. Akaagiza sanda, akaagiza kaburi kando ya bibi, akamwambia Anjela aingie ndani, alale, ale, nyumba ni yake. Anjela akasimama, akajipangusa mchanga, akasema, "Shikamoo, mjomba," akaondoka. Watu wakalisimulia kwamba mzee Bakar alilia sana kwa ajili ya dada yake, na ni kweli alilia.

Mimi asubuhi ya pili, kabla watu hawajaja matangani, nilitoka kizingitini nikatembea mpaka pale tulipomlaza. Nikarudi nikamwambia baba yangu, akiwa ameshika tasbihi: "Ni hatua saba, baba. Nimezihesabu."

Hakunijibu. Huu ni mwaka wa tatu, na bado hajanijibu.